Tali

Miaka thelathini na mmoja nilikesha Kilindini,
karani wa tali, penseli sikioni,
nikihesabu magunia ya mchele, ya mbolea, ya kahawa:
vistari vinne vimesimama, cha tano kimevilalia.
Makuli wakisinzia juu ya maturubai,
mimi macho kodo.
Sikupoteza gunia hata moja.

Leo nasinzia na hamri mkononi.
Saa nne asubuhi, Kibokoni nzima ina shughuli,
fundi wa chini anapiga randa,
na mimi kidevu kimefika kifuani,
mbaazi zimefika kwenye kikoi.
Batuli hunifuta mdomo haraka
kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu.

"Umelala tena, wee."
"Wala sikulala, n'mefumba mato tu."
"Haya, n'likuwa nikisema nini?"

Hapo hunikamata.

Daktari wa Makadara alinifafanulia taratibu,
kama anayemhesabia mtu chenji:
Pakinsoni yenyewe hulaza,
na tembe za kuulegeza mwili nazo hulaza.
"Ukiziacha, mzee, utakuwa gogo.
Ukizimeza, utakuwa paka."
Nikachagua paka.

Lakini paka hulala apendapo.
Mimi usiku wa manane niko macho,
nasikia friji ikiguna, nasikia Batuli akipumua,
mkono wangu wa kulia ukitwanga godoro
kana kwamba zamu haijaisha
na meli bado ina shehena.

Ijumaa moja, kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma,
hotuba ya pili ilinikuta nakoroma.
Nikamwendea Maalim Shee: udhu wangu je?
Akasema, aliyelala ameketi imara
udhu wake upo.
"Imara?" nikauliza,
nikamwonyesha mkono.
Tulicheka hadi mwadhini akageuka.

Ile ya taa za Buxton sikuicheka.
Nilizinduliwa na honi nyuma yangu, nyingi,
taa ni ya kijani, sijui tangu lini,
na mama mwenye mtoto mgongoni
amesimama mbele ya boneti, ananitazama.
Jioni ile ufunguo nilimpa Mbarak.
Hakuniuliza. Aliutia mfukoni
kama aliyekuwa ameshauweka nafasi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ana mwaka wa nne kwangu.
Basi nimempa jembe lake:
dakika ishirini baada ya adhuhuri, si zaidi,
saa ya kengele juu ya kabati,
na mjukuu wangu Twalib mlangoni na rula
akilinda kama askari wa geti.
Kabla ya hapo, mgeni asinisogelee.
Alfajiri natembea hadi Sarigoi na kurudi,
kahawa chungu vikombe viwili, jua likipanda basi,
namenya vitunguu saumu vya Batuli, kimoja kimoja,
vingine huviringika hadi chini ya kochi
na kuvifuata huko nako ni mazoezi.

Siku nyingine mgeni huvunja mlango.
Huja na bakuli la uji, huja katikati ya salamu,
huja wakati mtu ananililia msiba wake.
Naomba radhi nikizinduka.
Nimeshazoea kuomba radhi kwa jambo
nisilokumbuka kulifanya.

Nimetoa daftari la zamani sandukuni.
Kila saa niliyoikaa macho, kistari.
Kila niliposhindwa, kile cha kulala.
Mkono siku hizi huandika vidogo,
kama sisimizi wanaokimbia mvua.

Jana Batuli alivaa miwani, akainama karibu.
"Mbona hiki kimelala juu ya wenziwe?"
"Ndivyo tali ilivyo."
"Na hakiwaangushi?"
Nikafikiri.
"Hesabu," nikamwambia, "hesabu kwa sauti, nisikie."
Akaanza, kidole juu ya karatasi,
tano, kumi, kumi na tano,
na sauti yake ilivyo tamu ikihesabu,
kufika ishirini
sikumsikia tena.