Shimo la Futi Saba, Kaptama

Mama Chemayiek anataka choo kabla shule hazijafunguliwa,
futi ishirini, kama cha jirani yake wa juu mteremkoni
aliyejaliwa udongo mwekundu, mzito, msikivu,
unaosimama wima hata ukiuacha wiki nzima.
Nikamwambia: mama, huku bondeni udongo hausimami.
Akanijibu: wewe chimba.

Saa moja asubuhi. Sakitu imelala juu ya nyasi
kama unga uliomwagika njiani kutoka kwa mashine.
Mpini wa sururu unauma viganja.
Ndiema anapuliza vidole, anatukana kwa Kisabaoti,
kisha anaomba radhi, maana mama ni mtu wa kanisa.

Shibiri ya kwanza ni nyeusi, laini,
ina mizizi, ina nyungunyungu waliozubaa kwa baridi.
Hapa jani halina haraka ya kuoza;
la mwaka juzi bado lina mishipa yake.
Shibiri hii moja ndiyo shamba lote.
Ndiyo viazi, ndiyo karo, ndiyo kesi ya mpaka kwa chifu.
Karoti ikiivuka tu, inagonga jiwe,
inagawanyika miguu miwili, inatoka imevaa suruali,
na sokoni Kapsokwony wanaicheka.

Chini yake sururu inabadilisha lugha.

Krrr.
Kokoto za yai la kwale, kisha la kuku, kisha la bata,
za mviringo zote,
hakuna hata moja iliyozaliwa hapa.
Zimeteremka kutoka Chepkitale kwa mguu wa maji,
kila moja ikipoteza pembe zake njiani
kama mtu aliyeishi na wakwe.

Mto huweka daftari lake hivi:
mwaka wa hasira, mawe;
mwaka wa upole, mchanga;
mwaka wa uvivu, utepe mwembamba wa tope, kama ulimi wa paka.
Nami nalisoma kinyumenyume, la juzi kwanza, la kale mwisho.
Futi ya nne, mkaa.
Kigae cha chungu, chenye alama za kamba shingoni.
Ndiema akataka tuache.
Nikakitia mfukoni.

Mama alipoleta chai nikamwomba ndoo ya maji.
Akaimwaga yote shimoni, lita ishirini.
Tukasikiliza.
Hapakuwa na dimbwi. Hapakuwa na hata utelezi.
Maji yaliingia kama mgeni anayeijua nyumba.
Nikamwuliza: yamekwenda wapi?
Akageuka taratibu, akautazama mto,
hatua arobaini, pale binti yake alipoinama na mtungi.

Hakusema kitu. Nasi, kwa ubishi wa kibarua,
tukaongeza futi tatu.

Ukuta wa mashariki ulianza kwa kunong'ona.
Punje moja. Punje kumi.
Kisha bonde likavuta pumzi
na Ndiema akawa mtu wa kiunoni kwenda juu.
Nilimvuta kwa kamba ya ng'ombe
huku mama akiita majina yote ya Mungu aliyoyajua,
na mengine ya mlima, ambayo kanisani hayatajwi.
Alitoka. Gambuti moja halikutoka.

Choo tulikichimba juu, kwenye wekundu wa shemeji,
baada ya vikao viwili na kuku mmoja.
Ile chungu ya kokoto, fundi wa kanisa aliichekecha akainunua,
kwa hiyo mama alipata faida kwenye shimo lisilokuwepo,
akatulipa futi sita na nusu. Nusu ile tunabishania hadi leo.

Kigae nilikirudisha kabla ya kufukia.
Mto utapita tena hapo, hilo halina mjadala,
utalaza mawe yake, mchanga wake, utepe wake wa tope,
na siku moja mtu mwenye sururu, mikono ikimuuma kwa baridi,
atafika futi ya saba, asimame, amwite mwenzake:
njoo uone,
buti la mpira, namba tisa,
la kushoto.