Tarumbeta ya Tatu

Polepole, Nabwire. Huu si mchakamchaka.
Maandamano ya ushindi hutembea kama korongo wa jalalani Walukuba:
kifua mbele, mguu hauna haraka.
Shavu lisivimbe. Ulimi uguse jino, kisha toa.

Karatasi imeliwa na mchwa,
ndiyo maana ukurasa wa tano huwa tunaukisia.
Padri Mtaliano aliitoa sandukuni kule Arua
mama yako hajazaliwa,
akatusimulia kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:
mfalme kaketi, jeshi larudi vitani,
farasi, mabango, wacheza ngoma,
halafu mateka.

Nikauliza, mateka wametoka wapi?
Kusini, akasema. Juu ya mto.
Mto upi, Padri?
Akafuta miwani, akafuta tena.
Nabwire, mto ni huu,
huu unaonguruma hapo nyuma ya kiwanda.
Juu ya mto ni hapa tulipoketi.

Miaka ishirini na sita nimepiga ya tatu katika bendi ya jeshi.
Ya kwanza hupewa wimbo, ya pili huufuata,
ya tatu hushika noti moja
kama mlinzi aliyesahauliwa langoni.
Ndiyo maana niliona.
Niliwapigia walioingia,
nikawapigia waliowafukuza walioingia.
Shaba ileile, ukurasa uleule,
bango tu ndilo rangi yake haijakauka.

Siku moja walipitishwa watu wasio na mikanda wala viatu.
Wa nne alikuwa Koplo Adrama,
mpiga matoazi wetu wa zamani.
Mikono nyuma, kamba.
Midomo yake ilikuwa inahesabu,
na pale matoazi yanapolia
akapepesa macho.
Hakukosa pigo hata moja.
Mimi nilikosa mawili.

Mpanda ngazi hushuka, sawa,
lakini mpiga tarumbeta yuko palepale chini ya ngazi
na mate yanamdondoka kwenye kiatu.

Haya. Jumamosi utawapigia watoto wa darasa la saba
wapite na vyeti vyao, mama zao wapige vigelegele.
Huo nao ni ushindi, upige kwa nguvu zote.
Ila ukifika ukurasa wa tano
usikisie.
Shusha chombo, nyamaza mapigo manane.
Watadhani umesahau.

Waache wadhani.