Mkanda wa Tatu

Harufu ilianza tulipoipita Spitak,
barabara iliposhika kupanda.
Nikadhani ni lori lililotutangulia.
Nikapunguza mwendo; lori likaenda zake, na moshi wake,
harufu tukabaki nayo.

Mama, kiti cha nyuma, kakumbatia ndoo ya jibini,
akasema, "Kuna mtu anachoma viatu,"
akarudi kusinzia.

Niva hii ni ya marehemu baba, nyekundu ya kiazisukari.
Kaka yangu Vardges hataki iuzwe,
wala hataki kuiendesha.
Tangu viazi vichimbwe nimeifunga mikanda miwili ya feni.
Wa kwanza ulikatika.
Wa pili uling'aa ubavuni kama kiatu cha bwana harusi,
ukawa unapiga mayowe kila asubuhi ya baridi.
"Unanunua vya rahisi," Vardges kwenye simu.
Kwake yeye, kila kinachoungua
nimekinunua mimi.

Fundi Mukuch ana karakana ndani ya kontena
nje kidogo ya Gyumri, jiko la kuni, paka mmoja.
Hakufungua boneti.
Alizunguka magurudumu manne akiyanusa
kama anayechagua tikiti,
akayagusa kwa mgongo wa kiganja.
"Breki hazijashika."
Akauliza, "Inanuka ukikanyaga klachi?"
"Inanuka hata nikisimama, gia huru."
"Basi klachi tuiache na amani yake."

Akalala chini, kwenye theluji iliyochanganyika na masizi,
kutafuta mfuko wa plastiki ulioganda kwenye ekzosi.
Hakuna. Wala tone la mafuta.
"Mafuta yananuka kikaango kilichosahauliwa.
Hii ni raba."

Ndipo boneti.
Vumbi jeusi, laini kama pilipili manga,
limetapakaa pande zote za mkanda.
Mimi mkononi ninao wa tatu, bado kwenye karatasi yake.
Akaurudisha kwangu bila kuutazama.
"Kwanza tusikilize."

Akavua mkanda. Injini kimya.
Akamnyamazisha hata mama, ambaye hakuwa amesema neno.
Akazungusha puli ya altaneta kwa kidole:
ikateleza, ikaenda, ikaenda.
Akazungusha puli ya pampu ya maji:
ikasaga, kama maganda ya jozi chini ya buti,
ikakwama,
ikakubali kidogo,
ikakwama.

"Beringi imekwisha. Mkanda unaburuzwa
juu ya kitu kisichotaka kuzunguka.
Unaonuka ni mkanda, lakini..."
Hakumaliza. Alikwenda kutafuta pampu.

Saa tatu. Maji ya kijani yakamwagika beseni,
gasketi kuukuu ikakwanguliwa kwa kisu cha mkate,
mama akakata jibini, paka akapata fungu lake.
Pampu mpya ikakaa. Mkanda wa tatu ukapanda juu yake.
Mukuch akaubonyeza katikati kwa dole gumba:
ukabonyea upana wa kidole, si zaidi.
"Ukikazwa kupita hapa, unaivunja beringi shingo.
Ule mwingine aliukaza nani?"

Nikatazama theluji.

Niliukaza mimi, kwa mtaimbo,
usiku ule Vardges alipokata simu.
Niliegemea kwa uzito wangu wote
mpaka ukalia kama uzi wa zeze,
nikajiambia: sasa utatulia.

Tulirudi na dirisha wazi nusu shubiri,
baridi ikitukata masikio.
Nilinusa kila kona: jibini,
sufu ya koti la mama, moshi wa jiko la Mukuch.
Basi.

Simu ikaita karibu na daraja.
"Ilikuwa nini?"
"Beringi ya pampu."
Kimya. Nilisikia anavuta sigara.
"Na mkanda?"
"Mkanda haukuwa na kosa."

Habari za mtaimbo
nitampa barabara ikiyeyuka.