Mashuka ya Sakitu

Redio ilisema nyuzi tatu chini ya sifuri
na Araksi, mwenye funguo za bustani,
akapiga simu kumi na nne kabla jua halijazama.
"Leteni mashuka." Hakusalimu mtu.

Mimi nilikuwa na deni la saa thelathini kwa hakimu,
faini za kuegesha gari nilizozifanya kama sizioni.
Nikapangiwa hapa, ekari tatu za kokoto
nje kidogo ya Fresno, palipokuwa na mizabibu
hadi kisima kikakauka na mwenye shamba akasema basi.
Sikujua kwamba mmea huugua baridi.
Nilidhani mwiba ni mwiba.

Wakaja.
Pa Houa Vang na wanawe watatu,
na mablanketi mazito yenye picha za chui.
Gurdial, dereva wa lori, akashusha turubai
linalonuka vitunguu vya safari ya juzi.
Hortensia, mjane wa mfamasia, akatoa shuka la harusi,
herufi mbili zimetariziwa pembeni.
"Limelala kabatini miaka arobaini," alisema.
"Nalo litoke usiku."

Tukaivalisha mishubiri kama watoto wanaochelewa shule,
tukabana kwa vibanio vya nguo,
midogo tukaifunika ndoo.
Mkonge mkubwa wa kibuluu, unaozidi umri wa Araksi,
ulitaka ngazi, watu sita,
na lugha nne za kulaumiana.

Saa saba usiku pale palikuwa bweni:
weupe umejipanga safu kwa safu,
wala hakuna anayekoroma.

Kulipokucha shuka la harusi lilikuwa limekakamaa,
ungeliegemeza ukutani lingesimama.
Chini yake, kijani.
Kumi na miwili ilikuwa imegeuka rojorojo;
Araksi aliihesabu kwa kidole, akaandika daftarini,
akaenda kuchemsha kahawa.

Saa za hakimu ziliisha mwezi Machi. Nikatia saini.
Jumanne iliyofuata nikarudi, eti nimesahau glavu.
Glavu zilikuwa mfukoni.

Basi nikauza miche mwezi Aprili, siku ile
foleni inapofika hadi kituo cha mafuta
na bili ya maji ya mwaka hulipwa kwa noti zenye udongo.
Haba na haba hujaza kibaba, husemwa;
hapa haba moja yatosha, kibaba ni gharika.
Nikafungua geti saa mbili usiku mwezi Julai,
maana mchana ni nyuzi arobaini na tatu.
Watu na viti vyao, na matikiti yaliyokatwa tayari,
wakingoja ua linalochanua usiku mmoja tu.
Likafunguka saa nne na dakika ishirini.
Mtoto mmoja akauliza, "Ndiyo hilo tu?"
Ndiyo hilo tu.

Kisha mkonge ule ukatoa mlingoti.
Unene wa paja, halafu urefu wa nyumba,
na kila aliyefahamu akanyamaza,
kwa kuwa mkonge huchanua mara moja, ukafa.
Tuliuokoa na baridi
ili upate kufa kwa maua.
Gurdial alipitisha lori makusudi auone akiwa barabarani.
Hortensia alileta kiti, akakaa nao Septemba nzima,
akisoma barua zake za bima kwa sauti.

Ulipoanguka, tulikuta shinani vichipukizi ishirini na saba.
"Hivi haviuzwi," Araksi akasema,
akafungua daftari, ukurasa wa usiku ule,
akaita majina kwa mashuka yao:
chui. Vitunguu. Harusi.
Mimi sikuwa nimeleta shuka. Nilishika ngazi.
Akatazama juu, akasema, "Ngazi."

Changu kiko dirishani, ndani ya kopo la kahawa.
Jioni hii redio imesema nyuzi mbili chini ya sifuri.
Simu haijalia bado.
Nimekwisha kutandua kitanda.