Mstari wa Nyuma ya Jiko

Karatasi arobaini na nane, mafungu mawili,
zimefungwa kwa uzi wa gunia la mahindi.
Stima zilipotea saa moja, mvua ikiwa bado Luanda;
sasa imefika, iko juu ya mabati,
nami nasahihisha kwa tochi ya simu
iliyobakiza chaji asilimia kumi na tisa.

Swali la kwanza. Taja nchi tatu za Afrika
zinazopitiwa na ikweta.
Wengi wamekariri vizuri: Gaboni, Kongo, Uganda.
Ayuma Omukunda wa Kidato cha Tatu ameandika:
"Ikweta inapita nyuma ya jiko la shule yetu,
kati ya tangi la maji na rundo la kuni.
Hizo nyingine mbili nimezisahau."

Nimetafuta katika mwongozo. Jiko halimo.
Kenya imo, basi nikampa alama moja,
na mkono ukasita
kama wa mtu anayelipa deni pungufu.
Juzi nilikwenda huko nyuma kumwaga masalia ya chai.
Mstari sikuuona. Nilimwona bata wa mpishi
akivuka nusu ya dunia kwenda nusu nyingine,
akarudi, akajisaidia katikati.

Swali la nne. Toa sababu mbili za Vita Vikuu vya Kwanza.
Mwanamfalme kupigwa risasi, wamesema. Miungano. Tamaa ya makoloni.
Mmoja ameandika kwamba vita vilianzia kwa Sara Yevo,
na tangu hapo dada huyo hanitoki kichwani:
mpole, labda mshonaji,
aliyechokozwa siku moja hadi dunia ikateketea.

Ayuma:
"Babu ya nyanya yangu alitwikwa sanduku la risasi
akatembea nalo hadi Tanganyika. Hakurudi.
Nyumbani walizika mgomba badala yake.
Sababu za vita hakuambiwa."

Alama nne zilikuwa hapo.
Mwongozo hauna mgomba.
Nimezipita kimya kimya, kama unavyopita
mbele ya boma lenye matanga ukiwa umechelewa kazini.

Swali la saba. Eleza jinsi Waholanzi walivyoipokonya bahari ardhi.
Hapa wote ni mabingwa. Kuta, mitaro, pampu,
kupanda matete, kuosha chumvi kwa maji baridi.
Nimewafundisha hayo mimi, ubaoni,
miaka kumi na sita, bila kukosea hatua,
mimi ambaye bahari, ya Waholanzi au ya Mombasa,
sijaikanyaga hata kwa kidole.

Ayuma amepata tano kwa tano.
Chini yake, kwenye nafasi iliyobaki, kwa penseli:
"Mwalimu, nami nina swali.
Watoto wa Uholanzi wakifanya mtihani,
huulizwa kuhusu kinamasi cha Yala?
Na nani huwasahihishia?"

Asilimia nne.
Ukutani ramani ya dunia ya mwaka sijui upi;
mchwa waliianzia chini.
Nyuzilandi haipo tangu mwaka juzi
na hakuna aliyekuja kuiulizia.

Jibu lililo nje ya swali lisipewe alama:
hilo limeandikwa, ukurasa wa kwanza, kwa wino mzito.
Swali lililo nje ya majibu
hawakuliwekea kanuni.
Nimeandika 11, nikaikata,
nikaandika 11 tena, ndogo zaidi,
na pembeni, kwa penseli kama yeye, "Sijui",
ndipo simu ikazima.

Gizani namsikia Wetaba, mpishi wetu,
akilaani mvua na kuhamisha kuni zisilowe.
Anazitoa kusini anazipeleka kaskazini,
au kinyume chake.
Kesho nitamuuliza Ayuma.