Makopo Mawili

Chumba chake kiko nyuma ya chanjo.
Watoto wanalia ukutani, naye hapandishi sauti.
Nilidhani nitakuta mzee mwenye miwani;
nikakuta msichana, Cibalonza,
viatu vyake vina tope la Kadutu
kama vyangu.

Akauliza: mvua ikianza, kichwa kinakuambia nini?

Mchungaji aliniuliza nimemkosea nani.
Wifi yangu aliniuliza nani ananionea kijicho.
Muuza dawa aliniuliza nina franga ngapi.
Hilo la kichwa, hapana,
hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikasema: kinaniambia mlima unakuja.
Kwamba nikisinzia, ukuta wa Mama Ntakwinja
utashuka tena, safari hii juu ya wanangu.
Basi usiku wa mvua silali. Nawasha simu, nawahesabu:
wanne. Nakaa. Nawahesabu tena.
Asubuhi sokoni napima maharage, mkono unatetemeka,
wateja wanadhani nawapunja.

Hakusema usiogope.
Alisema: wazo hilo unaliamini kiasi gani, sifuri mpaka mia?
Tisini na tano, nikasema.
Akaandika, kama mtu anayeandika bei.

Kisha akanipa daftari, ukurasa umegawanywa kwa mstari wima:
huku yanayolithibitisha wazo, huku yanayolipinga.
Nikalibeba kama mzigo wa mtu mwingine.
Mimi niliishia la nne. Wa kuniandikia ni Akonkwa,
mwanangu wa miaka kumi na mmoja,
na mama humtumaje mtoto aandike
*mama anaogopa*?

Nikachukua makopo mawili ya maziwa.
Mvua ikipita na nyumba ikabaki, punje nyeupe.
Ufa ukirefuka, maji yakiingia, jiwe likibingirika,
punje nyekundu.

Wiki ya sita nikampelekea.
Akayamwaga mezani, tukahesabu kama wachuuzi:
nyeupe thelathini na saba, nyekundu sita.
Nikakasirika. Nikamwambia, binti,
Mama Ntakwinja naye alikuwa na nyeupe nyingi
mpaka usiku ule.

Alinyamaza. Upande wa pili mtoto akachomwa sindano.
Kweli, akasema. Hizi sita hatuzitupi,
hizi zinaomba jembe.
Lakini kule kuhesabu kwako usiku kucha,
kumezuia jiwe gani?

Jumamosi tukachimba mfereji,
mimi, Bisimwa fundi viatu, na wajane wawili wanaoishi juu yetu,
maji yapite kando.
Mmoja wao aliimba tangu mwanzo hadi mwisho, vibaya sana.

Ikabaki kazi ya nyumbani: mvua ikianza,
nilale dakika kumi bila kuhesabu mtu.
Mara ya kwanza niliweza mbili,
moyo ukipiga bati kuliko mvua.
Mara ya pili, nne.
Mara ya tatu sitaki kuizungumzia.

Mwezi wa kumi na moja, dakika ya nane,
sauti ya Akonkwa gizani:
"Mama, mbona leo hujatuhesabu?"
Nikamwuliza, kumbe huwa uko macho?
"Nangoja umalize," akasema,
"halafu nakuhesabu wewe."

Leo ameketi nami kwenye benchi, nyuma ya chanjo,
magoti yake yamezidi kaptula.
Ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wa shule, wazo lake la kwanza,
na sikuomba kulisoma.
Cibalonza ameniuliza tena: sifuri mpaka mia?
Hamsini na tano.
Ameandika.

Jioni nimemimina makopo yote mawili
katika chungu kimoja.
Nyekundu zilichelewa kuiva.
Tulizingoja.