Soma Fyuzi

Sanduku lilisema wati elfu mbili.
Lilisema kwa herufi nyekundu zenye ndimi za moto,
na mimi, mwenye dola mia moja na arobaini
zilizokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati la kazi,
nilitaka sana kuamini.

Belarmino wa duka la rehani, hapa Española,
alipangusa vumbi kwa kiwiko.
"Kwa vile ni wewe, tisini,"
akasema, kama anayenipa figo yake.

Dada yangu Casilda hakulitazama sanduku.
Aliigeuza amplifaya chali, kama mnunuzi anayekagua mbuzi,
akazitafuta fyuzi: mbili, za njano, ishirini na ishirini.
"Ampea arobaini. Zidisha kwa volti kumi na tatu,
kisha toa karibu nusu, inayopotea kuwa joto.
Mia tatu. Hizo ndizo zilizomo.
Zilizobaki ni rangi."

Mia tatu.
Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema;
hili lilikuwa na kitu ndani,
ila si kile lilichojisifia.
Tuliichukua kwa sabini na tano.

Ndani ya buti la Buick ya marehemu baba
walikuwa wananingoja pacha wawili,
subwoofa za inchi kumi na mbili,
ujira wa siku tatu za kuzibua mfereji wa Don Fermín,
matope hadi magotini, Machi, maji ya theluji.
Omu nne huyu. Omu nne yule.
Nilitaka wangurume wote. Nani ana ndoo mbili
akaenda kisimani na moja?

Casilda akachora kwenye kifuniko cha piza.
"Ukiwafunga sambamba, omu mbili:
mashine haitauweza mzigo, itazimia, au itaungua.
Ukiwafunga mfululizo, omu nane:
mashine itapumua, lakini kila mmoja
atakula robo ya sahani."
"Na akiwa mmoja?"
"Atashiba."

Ni upuuzi, najua, lakini sikulala vizuri.
Nilimkumbuka mama akigawa maharage,
sisi sita, chungu kile kile,
na hakuna aliyewahi kuuzwa.

Jumatatu nikamuuza mmoja.
Adán, kijana wa miaka kumi na saba, alimbeba kifuani
kwa mikono miwili, akashuka nao ngazi kinyumenyume,
akiwa ameacha mezani dola thelathini na tano
zinazonuka mafuta ya kukaangia.
Zote niliziweka kwenye waya:
shaba nene, si ile nyuzi ya kuanikia nguo
niliyokuwa nimeikodolea macho;
na bolti moja ya ardhi, rangi ya bodi ikikwaruzwa
hadi chuma kikang'aa,
kwa sababu umeme, asema Casilda,
kama mlevi yeyote,
unahitaji njia ya kurudi nyumbani.

Kisha nikawasha.
Bati la namba halikucheza. Vioo vilitulia.
Nikasema moyoni: umetapeliwa, na uliyekutapeli ni wewe.
Halafu noti ya chini ikaja, moja, nzima,
haina mchanga ndani yake,
ikakaa chini ya mbavu zangu kama mgeni
anayejua kiti chake kilipo.

Jumamosi, Riverside Drive.
Magari yamelala chini, tumbo likikaribia lami,
yanapita polepole yatazamwe.
Taa nyekundu. Nimezima redio
kwa sababu Casilda anazungumza na simu.
Kando yetu anasimama Adán
katika gari la mjomba wake, mlango mmoja wa rangi nyingine,
na yule pacha anaimba, amelishwa vizuri, nasikia.

Casilda amekata simu.
Amepitisha mkono kwenye tundu la kiti cha nyuma
hadi kwenye sanduku, hadi kwenye koni.
"Huyu wako," akasema, "anaitikia."

Nilitazama redio. Ilikuwa imezimwa.
Taa ikageuka kijani,
na hakuna kati yetu aliyeondoka kwanza.